Walimzika mama nikiwa semina, na wanaamini nilikataa kuja

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu. Naomba msilitaje jina langu, maana humu wapo watu wengi wa Kilosa na wataunganisha wenyewe.

Nina miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mikumi, nimeolewa na nina watoto wawili. Kwetu ni Msowero. Kwa mama tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye.

Mwalimu mkuu alinichagua kwenda semina ya siku tatu Morogoro mjini. Mume wangu hakupenda. Si mtu wa kelele, alisema tu kwamba mke wa Kiislamu halali mji mwingine bila mumewe. Nikamweleza kwamba naenda na walimu wenzangu wa kike, tumepangiwa chumba kimoja, na ruhusa naomba kwake. Siku ya safari akanibebea begi mwenyewe mpaka stendi, akaniambia niende salama. Nikajua yameisha.

Siku ya pili ya semina, mwezeshaji alituomba tuzime simu asubuhi yote. Wakati huo huko Msowero mama alibanwa na kifua. Kaka akanipigia, hanipati, akampigia mume wangu amtafutie namna ya kunipata. Haya nimeyajua baadaye. Mume wangu hakunitafuta. Alikaa kidogo, akampigia kaka na kumwambia ameongea na mimi, na kwamba nimesema semina haiachiki, nitakuja ikiisha.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekuwa amempakata mama. Mama alikuwa akiniulizia. Ikabidi wamwambie. Wifi anasema mama alijibu, "Basi mwacheni mwanangu afanye kazi," akageukia ukutani. Roho ilimtoka akiwa hivyo hivyo.

Ndugu zangu, kutoka Morogoro kupitia Dumila mpaka Msowero si mbali. Ningefika kabla ya mume wangu aliyetoka Mikumi.

Mchana tulipotoka kula nikawasha simu, nikampigia yeye kwanza. Mwalimu mwenzangu wa Lumuma alikuwa pembeni anataka kumsalimia shemeji yake, nikaweka sauti ya nje. Nikasikia watu wengi nyuma yake. Nikamuuliza yuko wapi, akasema yuko mnadani. Nikamuuliza hali ya mama, kwa sababu wiki ile presha yake ilikuwa juu.

Akasema, "Mama hajambo. Nimeongea naye asubuhi, anakusalimia sana."

Alikuwa amesimama uwanjani kwetu. Mama alikuwa ndani anaoshwa, na waliomwosha ni majirani, wakati binti yake wa kumzaa nipo hai na mzima. Mimi nikaenda kuswali adhuhuri, na kwenye dua nikamwomba Mwenyezi Mungu ampe mama yangu umri mrefu. Alasiri wakamzika. Jioni nikampigia kaka, hakupokea, nikadhani yuko shamba. Kumbe alikuwa amekataza mtu yeyote asinipigie.

Semina ilipoisha nikarudi Mikumi. Nyumba imefungwa, watoto wako kwa jirani. Yule mama jirani alinishika mkono akasema pole mwalimu, Mungu amrehemu mama. Nikamuuliza mama yupi. Akaanza kulia yeye kabla yangu.

Sijui nilifikaje Msowero. Nilimwamkia kaka shikamoo, hakuitikia. Mbele ya wazee waliokaa kwenye jamvi akasema, "Karibu mgeni. Semina imeisha?" Nikaapa kwamba sikuambiwa, kwamba hakuna aliyenipigia. Wote wakamgeukia mume wangu. Alikuwa amekaa katikati yao, kwa sababu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama, ndiye aliyehangaika na wageni, kila mtu anamsifu kuwa ni mkwe aliyezidi mtoto. Akawaambia kwa upole kabisa wanisamehe, msiba umenichanganya, sijui ninachosema.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza nimemkosea nini mpaka anifanyie hivi. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Ulisema semina ni muhimu. Nimekulindia semina yako." Akamaliza chai yake.

Yule mwalimu wa Lumuma alisikia yote kwa masikio yake, na yuko tayari kwenda kumweleza kaka. Mume wangu nilipomwambia hivyo hakubisha. Alisema siku atakayokanyaga Msowero huyo mwanamke, mimi nina talaka tatu, watoto nisahau, na kaka bado ataamini nimemnunua shahidi. Hilo la mwisho linanitisha kwa sababu naona ni kweli. Kaka hapokei simu yangu hadi leo. Wifi ndiye anayezungumza nami, kwa kujificha, na hata yeye sijui ananiamini au ananihurumia tu.

Wiki ijayo ni arobaini ya mama. Kaka amemtumia ujumbe mume wangu, si mimi, kwamba aje kusimamia shughuli, na mimi asinilete. Leo mchana mume wangu amenisomea ule ujumbe kwa sauti mbele ya watoto. Kisha akanipa kanzu yake, akaniambia niifue niipige pasi vizuri, kwa sababu siku hiyo watu wengi watamwangalia.

Kanzu iko kwenye beseni hapa mbele yangu. Nyinyi mliowazika mama zenu kwa mikono yenu, niambieni, niende Msowero na shahidi wangu niachike, au niifue hii kanzu?