Cha Uzee Tu

Mama yangu alipofia katika makao ya wazee Korogwe, msimamizi aliniambia kidonda cha mgongoni mwake kilikuwa "cha uzee tu, dada." Mwaka huu nilirudi pale nikiwa mkaguzi. Hakunikumbuka. Alinikaribisha chai, akanionyesha vitanda vilivyotandikwa mashuka mapya, mikunjo ya dukani haijanyooka.

Nilimwamkia bibi mmoja wa Kwashemshi kwa Kishambaa, nikamwomba ruhusa ya kumgeuza. Kidonda kilikuwa palepale kilipokuwa cha mama, kidonda cha kulazwa siku nyingi bila kugeuzwa.

"Hicho ni cha uzee tu, mheshimiwa," msimamizi akasema.

Nikamsogezea fomu. "Andika hivyohivyo kwa mkono wako, utie sahihi."

Akaandika. Sentensi hiyo ndiyo iliyomfukuzisha kazi, nami sijutii. Chai yake sikuigusa.