Mmea Uje na Mizizi Yake

Hasira zangu zilianza na ng'ombe. Nilikuwa nimebandika ubaoni picha niliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Ng'ombe mmoja alikuwa amesimama mbele ya migomba, nyuma yake mjakaranda umechanua mpaka tawi la mwisho, na nyasi zimempanda magotini. Nikawauliza kidato cha pili wanaona nini. Wakajibu kwa pamoja, "Ng'ombe." Na nini kingine? Wakainamisha shingo, wakatafuta kwa bidii ya mtihani. Mwishowe mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mkia, Madam."

Mimi nafundisha Baiolojia katika shule moja ya sekondari huku Sombetini, na siku ile niliwasema wanafunzi wangu mpaka kengele ikalia. Niliwaambia wanakula mimea, wanalalia mimea, wanaandikia mimea, halafu hawaioni. Wakanisikiliza kwa adabu kama watu wanaosubiri mvua ipite.

Nilipotulia nikaona kosa si lao peke yao. Kwa mwanafunzi wetu mimea iko ya aina tatu: mboga, maua na majani. Mboga huliwa. Maua ni yale yanayodondoka kwenye lami mwezi wa kumi na moja, ukateleza. Majani hufyekwa na aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi. Mtoto akichelewa anapewa fyekeo, akipiga kelele anapewa fyekeo, akivaa soksi za rangi anapewa fyekeo. Miaka minne anakutana na mmea akiwa na kosa. Halafu anakuja mwalimu wa Baiolojia na kalenda yake, anashangaa mbona watoto hawaupendi.

Basi nikaamua kuwafumbua macho. Nikaandika ubaoni kazi ya nyumbani, tena kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusingizia Kiingereza: "Leta mmea mmoja ulio hai, uje na mizizi yake. Taja jina lake, mahali ulipotoka, na faida yake nyumbani." Nikapigia mstari maneno "na mizizi yake" mara mbili. Nilijiona mwalimu wa mfano.

Mkuu wa shule, mama mmoja nadhifu sana, aliikubali kazi hiyo kabla sijamaliza kuieleza. Wadhibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walikuwa wanakuja baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, naye alikuwa anatafuta kitu cha kijani cha kuwaonyesha. Ofisini kwake kuna maua ya plastiki pande zote nne, na kila Jumatatu mhudumu huyafuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Aliniambia hata siku moja hayajamwangusha.

Jumatatu ya kukusanya ilifika. Wengi walileta mchicha na sukuma wiki za sokoni, zingine bado zimefungwa kwa kamba ya muuzaji. Mmoja alileta karoti, akatetea kwamba hiyo ni mizizi mitupu, nimpe alama za ziada. Mwingine alileta kokwa la parachichi na kuniomba nivute subira. Yupo aliyeleta ua la plastiki, akasema ameliona kwa mkuu wa shule akadhani linakubalika. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kukohoa.

Ndipo akaingia msichana mmoja wa dawati la dirishani, mpole, wa kujibu akiulizwa tu. Alikuwa amekumbatia isale refu kumpita yeye, mizizi imefungwa vizuri na udongo wake kwenye kiroba. Majani yalikuwa marefu, ya kijani kibichi, yameinama pande zote. Darasa zima likageuka. Nikampigia makofi, nikaamuru wenzake wampigie. Nikawaonyesha namna mishipa ya jani inavyokwenda sambamba, nikataja jina la kitaalamu mara tatu kama mtu anayeita roho. Saa sita mchana isale lilikuwa limepandwa kwenye ndoo ya rangi mbele ya ofisi ya mkuu.

Sasa nimwambie ukweli msomaji asiyetoka huku kwetu. Isale ni mmea wa mpaka. Kwetu Kilimanjaro, na kwa Wameru pia, wazee walipogawana mashamba walipanda masale, na masale yakiota maneno yameisha. Kulihamisha ni uovu ambao watu huutaja kwa sauti ya chini. Na mtu aliyekosana na mwenzake huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kuomba msamaha, na anayepelekewa hawezi kukataa. Mimi nimezaliwa katikati ya masale. Shamba la baba yangu limezungukwa nayo. Na mtoto aliponiletea moja likiwa na mizizi yote na udongo wake, sikumwuliza amelitoa wapi. Nilikuwa nahesabu mishipa ya jani. Nyani haoni kundule.

Alhamisi msichana alinifuata stafu, ofisi ya walimu. Alisimama mlangoni mpaka nikamwuliza kuna nini.

"Shikamoo, Madam. Naomba lile isale nirudishe."

"Marahaba. Kwani vipi tena?"

"Bibi amesema nisikanyage kwake mpaka lirudi."

Akaeleza kidogo kidogo. Mjini anaishi kwa shangazi yake, lakini kila wikiendi na kila likizo yuko Akheri kwa bibi aliyemlea tangu mdogo. Isale lilikuwa la kona, mpakani kati ya bibi na babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu. Huyo babu mdogo amekuwa akisema kwa miaka kwamba mpaka umeingia kwake. Alipoona shimo Jumatatu asubuhi hakuuliza. Alilifukia, akalima hatua tano kuingia kwa bibi, akapanda maharage. Halafu akaenda kwa wazee wa ukoo kushtaki kwamba shemeji yake amemtuma mjukuu kung'oa mpaka. Wazee walikuwa wanakaa Jumamosi.

"Mbona hukuniambia limetoka mpakani?" nikauliza.

Akaangalia viatu vyake. "Niliandika, Madam."

Sikumwelewa, na sikuwa na muda wa kumwelewa. Niliona aibu, na aibu kwangu hutoka kama ukali. Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule.

Mkuu alisikiliza yote, akasikitika kwelikweli, kisha akasema isale haliwezi kuondoka kabla ya ukaguzi. Ndio mmea pekee wa maana tulio nao. Nikamwambia kuna bibi mjane atapoteza kipande cha shamba. Akasema na yeye ana shule. Tulivutana mpaka nikatoa wazo ambalo mpaka leo linanichoma: badala yake tupande kwenye ndoo ile ile ua moja la ofisini kwake, lile refu. Akafikiri. Akauliza kama jua halitalipausha. Tukakubaliana. Jumatatu ya ukaguzi ilipofika, wadhibiti ubora walisimama mbele ya ua hilo na kusifu jinsi tunavyomwagilia.

Jumamosi asubuhi mimi na msichana tulipanda bajaji na isale letu. Halikuenea. Majani yalitokeza pande zote mbili, na kuanzia Ngarenaro mpaka tunaliacha jiji tulikuwa tunawapapasa waenda kwa miguu. Dereva alikuwa Mmeru. Alituangalia kwenye kioo, akaangalia isale, akaangalia mizizi, akazima redio.

Wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki pembeni ya migomba, chai imeshaletwa. Bibi, mwembamba, khanga kiunoni, alikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa shemeji yake, mzee mwenye koti na kalamu mfukoni, ambaye ndiye anayesoma matangazo kanisani Jumapili. Nikaamkia wote. Msichana alibaki kule njiani, nje ya uzio. Bibi hakumtazama, na yeye hakuthubutu kuvuka.

Nikasema kosa ni langu, ilikuwa kazi ya shule. Babu mdogo akacheka kwa pua.

"Mwalimu, nimesoma mimi. Kazi gani ya shule ya kung'oa mipaka ya watu? Huyu binti katumwa."

Nilikuwa nimekuja na ushahidi. Nikatoa mkobani daftari la msichana, lililokuwa kwenye rundo nililosahihisha Jumatano nikiwa na usingizi na sikulifungua tena, nikampa bibi. Bibi akalishika juu chini, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Macho yangu haya," akasema. "Mpe shemeji. Yeye ndiye msomaji wetu."

Shemeji hakuweza kukataa sifa. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasoma kwa sauti ile ile ya matangazo ya ndoa.

"Jina la mmea: isale. Mahali ulipotoka: kwa bibi yangu Akheri, kwenye kona ya mpaka wa bibi na babu mdogo, hatua tatu kutoka kwenye mringaringa, upande wa juu..."

Hapo sauti ilipungua. Wazee wote watatu waligeuza shingo kuutazama mti ule wa mringaringa. Kisha wakatazama maharage, ambayo yalikuwa ndiyo kwanza yanachungulia, yakiwa yamefika hatua tano chini ya hapo, ndani kwa bibi. Mmoja akanywa chai.

"Endelea, shemeji," bibi akasema. "Tunasikia."

"Faida yake nyumbani," akasoma, sasa kama mtu anayesoma tangazo la deni lake mwenyewe. "Linazuia ugomvi."

Akataka kulifunga daftari. Lakini mtu aliyezoea kusoma matangazo huyasoma yote mpaka muhuri, na macho yake yalikuwa yameshafika chini.

"Hapa kuna maandishi mekundu. Mwalimu ameandika: Si kweli. Taja faida halisi, mfano chakula, dawa, mbao. Sufuri."

Nilitamani ardhi inimeze pale pale kwenye udongo uliolimwa. Nikakumbuka ile Jumatano, nikakumbuka kalamu inavyoteleza. Kwenye mahali mmea ulipotoka niliweka tiki kubwa. Mtoto alikuwa ameniandikia kila kitu, mpaka hatua za mguu, nami nikaweka tiki. Mwanafunzi mmoja tu katika darasa zima aliyeuona mmea na kujua kazi yake, nikampa sufuri.

Bibi alikuwa na uso wa mtu anayechambua mchele.

"Basi, shemeji," akasema, "mwalimu wa serikali anasema si kweli. Isale halizuii ugomvi. Wewe unasemaje?"

Babu mdogo aliendelea kulitazama daftari ingawa hapakuwa tena na cha kusoma. Akavua koti, akaliweka juu ya kiti, akachukua jembe lililokuwa limeegemea mgomba. Tulidhani anaondoka. Alikwenda mpaka kwenye maharage yake, akaanza kuyang'oa kwa mkono, mstari baada ya mstari, bila haraka. Kisha akapanda hatua tano mpaka mahali palipoandikwa kwenye daftari, akachimba. Chini kidogo tu jembe likatoa vipande vya mizizi iliyokatika, ya rangi ya karoti, ambayo haifanani na mizizi ya kitu kingine chochote shambani. Nilichukua kiroba, nikavilinganisha na mizizi ya isale letu. Ndilo somo pekee nililofundisha siku ile, na halikuhitaji maneno.

Tukalipanda. Bibi akageuka kuelekea njiani kwa mara ya kwanza.

"Wewe, unasimama huko kama mgeni? Kalete maji. Ndoo iko pale pale."

Msichana alivuka uzio akikimbia. Nilitazama pembeni, maana nilikuwa na machozi na sikupenda yaonekane.

Ilikuwa zamu yangu kuomba msamaha. Nikachuma jani kutoka kwenye isale jingine la mpakani, nikajaribu kulifunga fundo. Likachanika. Nikachuma la pili, nalo likachanika. Kwetu hii ilikuwa kazi ya wanaume, nikajitetea moyoni, lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kutazama mikono ya baba. Babu mdogo aliniangalia muda, akapangusa udongo kwenye suruali, akachuma majani mawili. Akayafunga yote mawili, fundo moja moja, taratibu. Moja akanipa. La pili akabaki nalo, na kabla sijajua nianze vipi, yeye alikuwa ameshalipeleka kwa shemeji yake kwa mikono miwili. Bibi akalipokea. Akapokea na langu.

Msichana alirudi na ndoo, akamwagilia. Nikalichukua daftari lake kitini, penye koti la babu mdogo, nikatoa kalamu nyekundu, nikatafuta ukurasa. Nilitaka kufuta ile sufuri pale pale, mbele ya wazee, nimpe alama zote. Bibi akaweka kiganja chake chenye udongo juu ya karatasi.

"Iache hivyo hivyo, mwalimu," akasema. "Hiyo alama ni yako, si yake."