Kahawa, Magadi na Bega la Bibi

Jambo lote lilitugharimu kopo moja la kahawa ya unga, vidonge ishirini na vinne vya vitamini C, magadi ya kupikia, shuka jipya la mama, na nafasi nane za filamu ambazo hazikupigwa kitu. Nimehesabu mara mbili. Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa ikikutana na magadi, kama mboga iliyoungulia ndani ya soksi, moyo unaanza kwenda mbio kabla sijajua nakimbia nini.

Baba, tuliyemwita Tata kama Wakurya wenzetu, alikuwa mpiga picha pale Sirari. Kwetu hakuna kilichonunuliwa kwa bei iliyotajwa. Hata Bibi, mama yake, alipoombwa akae mbele ya kamera kwa mara ya kwanza maishani, aliuliza, "Unachukua sura yangu, mimi napata nini?" Wakapatana ugoro wa wiki mbili. Akapigwa, picha ya kwanza kwenye filamu ya picha kumi na mbili. Wateja watatu wakafuata, halafu biashara ikalala. Filamu haisafishwi mpaka ijae: hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Tata. Bibi aliulizia sura yake mara mbili. Mara mbili akajibiwa, "Bado nafasi nane, mama."

Alhamisi moja Bibi hakuamka.

Mazishi yakapangwa Jumamosi, na ndugu wakataka picha ya kuweka kwenye jeneza. Hakukuwa na nyingine duniani. Ijumaa asubuhi Tata akafungua dawa yake ya kusafishia filamu, akakuta imeingiwa na unyevu na kugeuka rangi ya matope. Akavuka mpaka mbio hadi Isebania, upande wa Kenya. "Imeisha, mzee. Kuja Tuesday," muuzaji akamwambia. Nadhani ndiyo siku pekee alitoka dukani bila kubishana.

Aliyetuokoa ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwalimu wa kemia aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Alituandikia kwenye karatasi ya daftari dawa mbadala ya kutengeneza jikoni: kahawa vijiko vinane, magadi vijiko vitano, vidonge vyote visagwe, dakika ishirini gizani.

"Vinane?" Tata akauliza. "Tufanye sita."

"Mzee, hii siyo bei."

"Sita, mwalimu. Kemia ni yako, lakini mama ni wangu."

Vikawa sita. Nilikuwa na miaka kumi, nikasaga magadi na vidonge mpaka mikono ikawasha. Tukaziba dirisha la stoo kwa godoro na lile shuka, mchana kweupe. Nje wanaume walikuwa wanachimba kaburi. Kila jembe lilipogonga jiwe nilishtuka. Ndani, Tata alishika filamu kwa ncha zake mbili, akawa anaipandisha na kuishusha kwenye beseni. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Dakika ishirini ni sekunde elfu moja na mia mbili. Nikizidisha sana, filamu nzima inakuwa nyeusi. Nikipunguza, Bibi hatokei. Hakuna wa kupigwa picha tena.

Nilipokaribia mia saba, maji yakanyamaza. Tata alikuwa ameacha kutikisa. Nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

"Tata, magadi yamekuingia machoni?"

"Ndiyo. Hesabu."

Lakini hesabu ilikuwa imenipotea. Sikumwambia. Nikarudi mia sita, nikaanza upya.

Nilipofika elfu moja akasema, "Zinatosha."

"Bado mia mbili."

"Punguza."

"Tata, dawa haipunguzi!"

Akaendelea kutikisa. Ndiyo mara ya kwanza nilimshinda mtu kwa bei.

Tukaitia kwenye dawa ya kukazia picha isififie, ambayo kwa bahati ilikuwa nzima, tukang'oa godoro. Bibi alikuwepo. Hafifu, lakini yupo, na macho ya mtu anayedai ugoro wake. Nilipomwungamia mwalimu, alisema zile sekunde zangu za ziada ndizo zilizofidia vijiko viwili. Ila begani palikuwa na baka, mahali Tata alipokandamiza kidole gumba alipoacha kutikisa. Tulipoichapa picha kwenye karatasi, likatoka jeusi.

"Umemharibu bega," nikamgombeza. Kesho yake akaiweka hivyo hivyo kwenye jeneza.

Tangu siku ile akawa anasafisha filamu hata ikiwa na picha moja. Nilidhani ameharibikiwa kibiashara. Nilikuwa mtu mzima, nimemzika na yeye, ndipo nilipoelewa kwamba magadi hayakumwingia machoni.

Sasa picha inageuka manjano. Mwezi uliopita niliipeleka Tarime mjini kwa kijana mwenye kompyuta, airudishe rangi. Akataja bei, nikaikata nusu, akanyoosha mikono. "Basi mama, umenishinda. Na hilo doa la begani nakufutia bure."

Maishani mwangu sijawahi kukataa cha bure. Nikamwambia nitarudi, nikaondoka na picha yangu, na mpaka sasa iko mezani: Bibi amekaa, na kidole gumba cha mwanawe kimemshika bega.

Ninyi mnaojua mambo haya, naombeni ushauri. Nimwambieje kijana yule arekebishe kila kitu asikiguse kidole hicho, bila kumwaga machozi mbele yake? Maana akiyaona, bei inapanda.