Karatasi ya Sanduku la Chai

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya shamba la chai, karibu na Kericho, fundi mkuu, Kalasinga mwenye ndevu hadi kifuani, alinipa balbu ndogo yenye nyaya mbili. "Macho nadanganya," akasema. "Hii taa hapana danganya." Nyinyi vijana mna mashine za kupimia, sisi tulikuwa na balbu ile.

Mwaka wangu wa pili, alasiri ya ukungu, taa za lori la majani zilizimika kwenye kona, likaingia mtaroni. Dereva wake, Arap Koech, alitoka mzima. Bwana Meneja hakutaka maelezo.

"Dereva nalala! Kesho yeye natoka kwa nyumba ya shamba, na bibi, na mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki mbili.

"Ndugu yangu," Arap Koech aliniambia, "taa ilikufa yenyewe. Tafuta hiyo waya, wewe ndio unajua."

Betri ilikuwa nzima, balbu pia. Nikachomoa waya kwenye taa za mbele, nikaweka balbu yangu kati ya waya huo na betri. Ilipaswa kukaa giza. Ikawaka: umeme ulikuwa unavujia kwenye chuma cha gari. Nikaufuata waya kwa vidole, nimelala kwenye tope jekundu, hadi kwenye kiungo kilichozungushiwa karatasi ya rangi ya fedha.

Nilikijua. Nilikifunga mwenyewe. Utepe wa kufungia nyaya ulikuwa umekwisha, nikakata karatasi ya ndani ya sanduku la chai. Kama inakinga chai na unyevu, nilijiambia, itashindwaje na waya? Mjinga mimi! Karatasi ile ni metali, na metali hupitisha umeme. Lori lilipotikisika, iligusa chuma, taa zikazimika.

Niliogopa sana, sifichi. Ningesema waya umechakaa, lakini kukagua nyaya kila asubuhi ilikuwa kazi ya dereva, angefukuzwa vilevile. Nikampelekea Bwana Meneja karatasi yenyewe.

"Hii ni kazi ya mkono wangu, bwana."

Arap Koech alibaki. Mimi nilipasua kuni za kiwanda miezi mitatu, mpaka Kalasinga aliponiombea nirudi. Kila alipopita na majani, Arap Koech aliniwashia taa mchana kweupe.

Juzi dirisha la umeme la gari la mjukuu wangu lilikwama. Nikamwambia aanze na kiungo alichokifunga mwenyewe. Akacheka. Hakumjua Arap Koech. Siku niliyostaafu, mzee yule, naye mvi kichwa kizima, ndiye aliyenipeleka stendi kwa lori. Jua lilikuwa kali, na taa zake zote zilikuwa zinawaka.