Maji ya Kisima cha Makaburini

Baba yangu ndiye mwadhini wa msikiti wetu hapa Takaungu. Mwaka ule vita vikuu vya pili vilipokwisha, sauti ilimkauka. Tangawizi haikufaa, asali haikufaa. Mama akasema dawa iko Mombasa, kwenye kisima kilicho kando ya makaburi ya wazee, nami ndimi nitakayeyafuata maji yake.

Alfajiri nilidandia lori la mkaa. Tukavuka Mtwapa kwa pantoni, na adhuhuri nikawa Mji wa Kale, kwa shangazi yangu Bi Rukia.

Baada ya swala ya alasiri akanipeleka. Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba za watu, mawe yake yameliwa na chumvi hata maandishi hayasomeki. Penye kisima palikuwa na mtunzaji, bibi mkongwe, ameketi akichambua mchicha.

"Watolee salamu kwanza wenye mahali," aliniambia. Nikawasalimu wafu. "Haya, teka. Na ukishateka, usinene na mtu hata ufike kwenu. Ukinena, maji hayo ni ya kupikia tu."

Shangazi alicheka hata akashika ukuta. "Bibi, huyu? Huyu husema hata usingizini."

Nikafungua kinywa nijitetee. Kumbe ndoo imekwisha kutoka kisimani. Nikakifunga kinywa.

Asubuhi ya pili, njiani kurudi na maji yangu chupani, abiria waliniona bubu. Mama mmoja akanimegea mkate wa kumimina kwa huruma. Tulipokuwa tukingoja pantoni Mtwapa, mzee mmoja akasema, "Yule mwadhini wa Takaungu kazi imemshinda. Ijumaa wamuweke mwengine."

Niliikumbatia chupa, nikauma ulimi.

Kisha mchukuzi wa mkaa, mtu nisiyemjua, akasema taratibu, "Kwa sauti ile nimeamka miaka mingi. Mimi nitamngoja." Wengine wakaitikia, na yule mzee akainamisha kichwa.

Jioni Baba aliyanywa maji. Siku ya nne akaadhini, kwa mkwaruzo, lakini akasikika. Mama asema ni kisima. Baba asema ni kupumzika. Mimi sijui. Nijualo ni kwamba pale Mtwapa ningalijibu, nisingalimsikia yule mchukuzi, wala wengine wasingalimsikia.

Tangu siku ile, mtu akimsema vibaya mtu wangu, hungoja kwanza nione nani mwengine atajibu. Nikiona hakuna, basi husema mimi, na kwetu wajua huwa simalizi upesi.