Hapa Havui Mtu

Meli za mizigo zilipoanza kutia nanga nje ya kisiwa cha Jambe kusubiri zamu ya kuingia bandarini, hatukupinga kwa ajili ya uzuri wa bahari. Tulipinga kwa ajili ya madema. Dema ni mtego wa kusuka. Unauzamisha penye mwamba, unauacha samaki waingie. Meli ikigeuka na maji, mnyororo wa nanga unafagia chini, na mnyororo hauulizi dema la nani. Mimi peke yangu nilipoteza manne kwa mwezi mmoja.

Tukapiga kelele hadi tukaitwa mkutanoni, katika darasa la shule ya msingi. Afisa wa bandari aliyetuita alikuwa kijana mstaarabu. Alitupa shikamoo wote, hata waliomzidi mwaka mmoja. Akatandaza ramani juu ya madawati, akatoa kalamu nyekundu, akasema kila mmoja aweke nukta pale anapovua, ili meli zisogezwe mbali na nukta.

Ombi la haki kabisa. Tatizo ni kwamba mvuvi wa madema hamwonyeshi mtu mwamba wake. Hafungi hata boya juu yake. Anaukumbuka kwa alama za nchi kavu, na alama hizo karithi. Tulikuwa watu zaidi ya ishirini, tumekaa bega kwa bega na wale wale tunaofichana.

"Mzee wangu, wewe unavua wapi?" afisa alimuuliza wa mbele.

"Huko nje."

"Nje wapi?"

"Mbele kidogo."

Kalamu ikazunguka darasa zima, ikarudi na wino wake wote. Afisa akasema, kwa upole, kwamba kama hakuna nukta itabidi aandike kuwa hakuna anayevua pale. Watu wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba jambo limekwisha vizuri.

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kunyamaza, nayo ilikuwa imekaa ubavuni pangu: kaka yangu. Baba alinionyesha mwamba wake mimi tu, akaniapisha nisimwambie kaka, kwa kuwa mdomo wake hauna breki. Baba alifariki, nami nikashika kiapo. Kaka alipouliza samaki changu wakubwa namna ile nawatoa wapi, nilimwambia ni bahati. Miaka kumi na miwili nilimwambia ni bahati, naye akawa ananiombea izidi.

Nikaitazama ile ramani tupu, nikaona akilini meli imekaa juu ya mwamba wa baba kihalali. Nikainuka. Niliona haya. Nikaitafuta ncha ya Raskazone, moja ya alama za baba, nikapima kwa vidole, nikaweka nukta.

Kaka akainama kuiangalia.

"Baba?" aliuliza.

"Baba."

Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kusogea, kila mmoja anaitaka kalamu. Afisa akafungua daftari, akaniuliza wanaovua kwenye nukta ile ni nani na nani.

"Mimi na kaka yangu," nilisema.

"Mwandike yeye," kaka alisema. "Miye hapo sipajui."

Afisa akaandika mtu mmoja.