Hatua Ishirini na Mbili

Kutoka mlangoni kwake hadi msikitini ni hatua mia nne na kumi na mbili. Mzee Futi alizihesabu mwaka aliohamia mtaa ule, na kwa muda mrefu hazikuzidi wala kupungua. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na mpima ardhi akistaafu huacha vifaa vyote ofisini, ila miguu huondoka nayo. Alipima veranda za watu, akapima kumbi za harusi, akapima foleni ya hospitali. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama, watu wakiambiwa wavuke daraja la Sirati, yeye atauliza kwanza ni hatua ngapi.

Lakini njia ile fupi aliiacha miaka kumi na tisa iliyopita. Akawa anazunguka nyuma ya soko, anakatiza kwa maseremala, anatokea msikitini kwa mlango wa upande wa mabomba ya udhu. Huko zilikuwa hatua mia saba na kitu. Akiulizwa, alisema daktari amemwambia atembee. Daktari mwenyewe hakuwa na habari. Njia fupi ilipita kando ya ukuta wa shule ya msingi, na ukuta ule Mzee Futi hakuweza kuutazama.

Mtaani walimheshimu, pengine kuliko alivyotaka. Msikiti ulipopanuliwa, yeye ndiye aliyeweka kibla sawa. Mtu akifariki, kabla hata wachimba kaburi hawajashika majembe, huitwa Mzee Futi aje na dira yake ndogo ya shaba, aonyeshe maiti atalazwa akielekea wapi. Watu walimwachia upande watakaoutazama mpaka wafufuliwe, na hawakumuuliza ana uhakika gani. Yeye huinama, hutazama sindano ya dira ikitulia, huchora mstari kwa kijiti, kisha hurudi nyumbani moyo mzito.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Diwani. Utotoni walikaa mkeka mmoja katika chuo cha Kurani, wakachapwa fimbo moja kwa sura ile ile waliyoshindwa kuihifadhi. Udiwani wenyewe ulikwisha zamani, ila jina lilimganda. Na tusimwonee, alikuwa mtu wa watu kwelikweli. Bomba la maji la mtaa lilikuja kwa miguu yake, vitanda vya zahanati vilikuja kwa kelele zake, na hapakuwa na msiba aliokosa. Alikuwa na miguu mirefu, akitembea mikono nyuma kama mtu anayekagua dunia.

Siku moja, miaka hiyo kumi na tisa nyuma, serikali ilitaka mipaka ya shule ipimwe upya na kuchorwa kwenye ramani. Kazi akapewa Futi, wakati huo bado hajaitwa mzee. Diwani akamfuata uwanjani.

"Futi, pale pembeni nataka kuweka ghala la saruji. Shule itapewa uwanja mwingine kule bondeni, mkubwa zaidi. Nishaongea na wenzangu."

"Maandishi yako wapi?"

"Maandishi yatakuja. Kwani mimi na wewe tumeanza kuandikiana lini?" Kisha akacheka, akamshika bega. "Hiyo futi kamba iache kwenye gari. Ukiitoa watu wataanza maswali. Mimi natembea, wewe weka jiwe nitakaposimama."

Diwani akaanzia kwenye jiwe la zamani la mpaka, akatembea mikono nyuma, hatua ishirini na mbili ndani ya uwanja wa watoto, akasimama. Futi akaweka jiwe jipya la mpaka. Wakafanya hivyo pembe ya pili. Ramani ikachorwa, sahihi ikawekwa, ukuta ukajengwa kwenye mstari mpya, na ghala likasimama ng'ambo yake. Uwanja wa bondeni haukuja mpaka leo. Watoto walibaki na kichochoro cha kuchezea, mpira ukipigwa kidogo tu unaruka ukuta.

Na Futi hakupewa kitu, hata soda. Angekuwa amekula rushwa, angalau angejua aliuza nini. Yeye alifanya kwa haya tu, aliona vibaya kumkatalia rafiki. Kuna watu wengi wazuri walioharibu mambo makubwa kwa sababu ya haya, na wote wakiulizwa watasema hawakutaka kuonekana wagumu.

Jambo moja tu mkono wake ulikataa. Jiwe la mpaka ni nondo iliyosimikwa kwenye saruji, na ukihamisha mpaka inabidi uling'oe la zamani. Futi hakuyang'oa yale mawili. Aliyafukia udongo juu, akayaacha pale yalipokuwa. Mpima ardhi hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba jiwe lililowekwa kwa haki haling'olewi ovyo, na fundisho hilo moja lilikuwa limebaki ndani yake wakati mengine yote yameshamtoka.

Alasiri baada ya swala, Sheikh huketi na watu akifundisha. Msikiti ule uliwahi kugombana wiki tatu nzima juu ya mtu aweke wapi mikono akisimama kuswali, nusura wagawane milango. Juu ya uwanja wa shule hakuna aliyewahi kukohoa. Lakini siku moja Sheikh alifundisha kuhusu haki za watu. Alisema aliyemkosea Mola wake anatubu kwake, na aliyemkosea binadamu hana budi kurudi kwa binadamu huyo, amrudishie chake au amwombe amsamehe.

Mzee Futi akauliza, "Sheikh, na mwenye haki akiwa si mtu mmoja? Tuseme barabara. Tuseme... kitu cha wote."

Sheikh alikuwa bado kijana, asiyependa kujibu haraka ili aonekane anajua. "Hapo ndipo pagumu, mzee wangu. Mtu mmoja utambishia hodi. Umma utaubishia hodi wapi? Na wengine hawajazaliwa bado. Watu hudhani mali ya umma ni nyepesi kwa kuwa haina mwenyewe. Kumbe ni nzito kwa kuwa wenyewe ni wengi, na huwezi kuwamaliza wote kuwaomba radhi. Hapo msamaha hautoshi. Ni kurudisha."

Diwani alikuwa ameketi pembeni yake, bega kwa bega. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Hawakulizungumza. Mwaka huu Diwani alipolazwa, Mzee Futi alikwenda kumwona kila siku, akikaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Siku ya mwisho wagonjwa wengine walikuwa wamelala. Diwani akafumbua macho.

"Futi. Yale mawe, unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Mimi nimeyasahau," Diwani akasema, akageukia ukutani.

Mzee Futi aliyarudia maneno hayo njia nzima. Aliyesahau haulizi. Je, rafiki yake alikuwa anamwomba anyamaze au anamwomba aseme? Usiku ule Diwani akafariki, na swali likabaki kwa aliyebaki akitembea.

Asubuhi alikwenda makaburini na dira. Akapima kibla cha rafiki yake, akachora mstari, akaufuta, akapima tena, kisha mara ya tatu. Mchimba kaburi akamshangaa. "Mzee, leo mbona mara tatu?"

"Huyu ni wangu," akajibu.

Kisha akarudi nyumbani kuoga. Mkewe alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu ameivaa nusu, mkono mmoja nje. Ndipo akamwambia yote. Alianza na nondo, akamalizia na kofia. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unazunguka sokoni, na mimi najisifu kwa majirani kwamba mume wangu anajali afya." Akamvuta mkono, akauingiza kwenye kanzu. "Ukisema, hawatakuita tena makaburini. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Na usiposema?"

Akavaa kofia, akatoka kwenda msikitini.

Baada ya swala ya adhuhuri jeneza liliwekwa mbele. Msikiti ulijaa, na nje watu walipanga safu mpaka barabarani. Sheikh akasimama, akasema kama isemwavyo siku zote, "Ndugu zangu, kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu, aseme, au awaone warithi."

Watu kimya kama maji mtungini. Kwa kawaida kimya hicho huwa kifupi, kisha mambo yanaendelea. Mzee Futi aliwaza kwamba akinyamaza, atabaki mtu wa dira, ataheshimiwa mpaka azikwe, na mwingine atampimia yeye kibla. Rafiki yake naye angeingia ardhini na uwanja wa watoto mgongoni. Akapiga moyo konde, akainua mkono.

"Mimi nina la kusema. Si haki yangu. Shule inamdai marehemu hatua ishirini na mbili za uwanja, urefu wote wa ukuta."

Minong'ono ikapita safu hadi safu. Shemeji wa marehemu, mfanyabiashara mnene mwenye tasbihi ya kaharabu, akageuka. "Kaa chini, mzee! Maiti hasemwi vibaya!"

"Hajasemwa," Sheikh akasema taratibu. "Amedaiwa. Mzee wangu, shahidi wako nani?"

"Mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyeweka mawe ya uongo na kutia sahihi. Kosa ni letu wawili, na mmoja ndiye huyo hapo mbele yenu."

"Shahidi mmoja!" shemeji akadakia. "Tena ameshakiri kuwa mwongo!"

"Kweli nilidanganya," Mzee Futi akasema. "Basi msiniamini mimi. Mawe ya zamani sikuyang'oa. Yako chini uani kwa ghala. Yaulizeni hayo."

Mtoto mkubwa wa marehemu, daktari wa meno, alikuwa amesimama safu ya mbele, macho mekundu. Alimtazama Mzee Futi. Mzee huyu ndiye aliyembeba mabegani utotoni. Idi zote alikwenda kumwamkia. Kisha akamgeukia Sheikh.

"Kama deni lipo, nimelichukua mimi. Mswalieni baba yangu."

Akaswaliwa. Halafu Sheikh akauliza jamaa wanamshuhudiaje ndugu yao, na msikiti mzima ukaitika kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema. Mzee Futi alifungua mdomo. Neno halikutoka.

Makaburini watu walimpisha njia kwa namna ambayo si ya heshima. Mmoja alinong'ona kwamba basi hata kibla chenyewe kikaguliwe upya. Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu kwa kibla hakuwahi kudanganya hata kidogo.

Baada ya alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa daktari wa meno, bado na kanzu ya mazishini, jembe mkononi.

"Baba mkubwa, twende ukanionyeshe."

Walipita njia fupi. Mzee Futi akaukaribia ukuta ule kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, akaupita. Uani kwa ghala palikuwa na mbao za kuwekea mifuko na matairi mawili ya zamani. Akaegemeza mgongo kwenye pembe ya ukuta, akaelekea ndani, akahesabu. Ishirini na mbili. Akasimama. "Hapa."

Kijana akachimba. Kina cha goti, hakuna kitu. Akatanua shimo kushoto, kulia. Udongo mtupu. Jasho likamlowesha kanzu. Mlinzi wa ghala alikuja, akasimama akitazama, hana hili wala lile.

Mzee Futi alikuwa amemfedhehesha rafiki yake mbele ya mtaa mzima, na ushahidi haupo. Akaitazama njia aliyotembea, nyayo zake mavumbini zikifuatana karibu karibu. Zilikuwa nyayo za mtu wa miaka sabini na moja. Tena hata siku ile hakutembea yeye.

"Mwanangu," akasema, "weka jembe chini. Rudi ukutani. Tembea wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Usinyooshe hatua, usiibane. Tembea kama unavyotembea siku zote."

Kijana akarudi pembeni. Alisita kidogo, kisha, bila kufikiri, akaweka mikono nyuma. Mzee Futi akageuza uso. Hakuweza kutazama ile miguu mirefu ikija. Alisikiliza tu na kuhesabu. Ishirini na mbili iliishia mbele sana ya lile shimo, karibu na matairi. Wakayasukuma. Pigo la nne la jembe likagonga chuma.

Kijana akapiga magoti, akafuta udongo kwa viganja mpaka saruji ikaonekana, na nondo katikati, ina kutu lakini imesimama wima. Ng'ambo ya ukuta watoto wa shule walikuwa wakigombania mpira.

"Kesho nitakwenda kwa mwalimu mkuu," akasema. "Ukuta nitauvunja mwenyewe. Utakuja kutupimia?"

"Mkinitaka, nitakuja na futi kamba."

Kijana akanyanyua macho. "Baba mkubwa, mchana Sheikh alipouliza tunamshuhudiaje baba, nilikuwa nakusikiliza wewe. Hukuitika."

"Sikuitika."

"Na sasa?"

Mzee Futi aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya ile saruji, akalia waziwazi kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Alikuwa mtu mwema," akasema.